Mgeni wa Mazoezi

Wakati huo mji haukuwa na jina. Jina lake lilikuwa limepelekwa kusafishwa, na watu waliambiwa litarudi siku ya Michezo, limeng'arishwa, limeandikwa kwa taa juu ya Bakuli ili walimwengu wote walisome. Basi wakaishi bila jina, kama mtu aliyempa dobi nguo yake ya pekee akajifungia ndani na upande mmoja wa khanga, hawezi kutoka wala kumfungulia anayebisha, ametega sikio tu kusikia kama pasi ya mkaa bado inapita.

Bakuli ndilo uwanja wenyewe. Liliota nyuma ya nyumba za Mtaa wa Chini, jeupe, la duara, limeachama kuelekea mbinguni kana kwamba linangoja kumiminiwa kitu. Kitu gani, hakuna aliyejua. Mlangoni pake palisimamishwa ubao wa taa wa kuhesabu siku zilizosalia, lakini ubao ule ulikuwa na akili zake: leo siku zimepungua, kesho zimeongezeka. Zikipungua, watu walipaka kuta chokaa mbiombio. Zikiongezeka, walikaa vibarazani wakitazama chokaa ileile ikibanduka. Wapo waliooana wakingoja Michezo, wakaachana wakingoja, na ubao ukarudi palepale ulipokuwa siku ya harusi yao.

Somoe alikaa Mtaa wa Chini na mama yake, Bi Mosi. Somoe mwenyewe hakuwa msichana. Magoti yalishaanza kumsemesha anapoinuka, na nywele za panda la uso zilishachanganya maji na maziwa. Bi Mosi alikuwa amefika ule umri ambao mambo ya jana hayakai. Ya zamani yalibaki, kama chumvi inayobaki chini ya chungu maji yakishakauka, lakini ya jana yalikwenda na mvuke. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya uji, Bi Mosi aliuliza.

"Wewe nani?"

"Somoe."

"Somoe wa nani?"

"Wa kwako."

"Haya, lete uji."

Maneno hayo machache ndiyo yaliyoishikilia nyumba. Si nguzo, si mabati. Somoe alijua hivyo. Aliwahi kuugua homa, akalala kutwa nzima bila kuulizwa, na kesho yake Bi Mosi alimtazama muda mrefu mno kabla ya kuuliza, kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo gizani. Tangu hapo Somoe hakuthubutu kuruka hata asubuhi moja. Aliogopa. Aliwaza: mtu akisahauliwa na aliyemzaa, amebaki mtoto wa nani? Amezaliwa wapi? Au amekuwa kama huu mji, jina liko kwa dobi?

Halafu ikaja Kamati ya Ukarimu.

Iliongozwa na kijana mmoja aliyeitwa Bwana Renatusi, shati lake limechorwa twiga anayecheka, mkononi kipaza sauti. Aliwakusanya watu wa mtaa kwenye uwanja wa shule akawaambia kwamba wageni wanakuja kutoka kila pembe ya dunia, na kwamba Kamati imechunguza ikagundua wenyeji hawajui kukaribisha.

"Hatujui nini?" aliuliza Chausiku, jirani wa Somoe ukuta kwa ukuta, mpika mikate ya kumimina, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kulala na njaa. "Mjukuu wangu, jana umekula kwangu, ukaomba na ukoko. Na hukualikwa. Leo hatujui kukaribisha?"

Watu wakacheka. Bwana Renatusi naye akacheka, twiga wake akacheka zaidi.

"Mnajua kwenu, bibi. Lakini hamjafanya mazoezi."

Akaeleza mazoezi yenyewe. Nusu ya mtaa watakuwa wenyeji, nusu watakuwa wageni. Wageni wa mazoezi watakuja majumbani kila siku jua likiwa utosini, watapokewa, watakirimiwa, Kamati itatazama. Nyumba itakayofanya vizuri itakuwa Nyumba ya Mfano. Nyumba itakayoshindwa, itazibwa. Hapo akaonyesha kidole ukingoni mwa mtaa, kwenye barabara ya lami, ambako mafundi walikuwa wakitundika ukuta wa turubai uliochorwa nyumba nzuri kuliko nyumba na watu wanene kuliko watu, wote wakipunga mkono. Nyumba itakayozibwa nyuma ya turubai lile, watu wake watahamishiwa Nyuma. Nyuma ni wapi? Hakuna aliyerudi kutoka huko akasimulia.

Ikaletwa kamba ndefu ya katani. Wakati inatandazwa katikati ya uwanja, Somoe alikuwa amemwacha mama yake kwenye kiti akavuka kwenda upande wa pili, chini ya ukingo wa paa la darasa, kutazama kama pana kivuli cha kumhamishia. Kamba ikaanguka nyuma ya visigino vyake.

"Mimi niko upande ule, baba," alisema. "Huku nilifuata kivuli tu."

"Huko kwenye kivuli ndiko kwa wageni, mama," alisema Bwana Renatusi, kwa upole kabisa. "Kivuli siku zote ni cha wageni."

Akamvika shingoni kadi yenye picha ya mwanamke asiyemjua, pua nyembamba, macho ya rangi ya maji ya mtungini. Nyumba aliyopangiwa kuzuru ilikuwa nyumba yake mwenyewe. Bwana Renatusi alisema hiyo ndiyo bahati, kwa kuwa hatapotea njia. Na kanuni ilikuwa moja tu: mgeni asitaje jina lake la zamani wala asitoke kwenye ugeni wake mazoezi yakiendelea, maana hapo nyumba itakuwa imeshindwa.

Kwa hiyo siku ya kwanza Somoe alivishwa kofia pana ya ukindu, akasimama penye turubai, akaanza kuifuata njia ya kwenda kwao. Mawe yote ya kando yalikuwa yamepakwa chokaa. Hata lile jiwe lenye jino, lililochomoza katikati ya njia tangu zamani za zamani, lililomng'oa ukucha alipokuwa mtoto wa kushika khanga ya mama, nalo lilipakwa likawa jeupe kama yai. Aliliruka. Alifika mlangoni kwake akasita, kwa sababu hakuwahi kusimama upande ule wa mlango akiwa hana haki ya kuusukuma.

"Hodi," alisema.

Hapo likatokea jambo ambalo Somoe hakulitarajia. Bi Mosi, aliyekuwa akitafuta kikombe huku amekishika, aliinua uso ukawa kama uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

"Hodi ya heri," alisema. "Karibu. Karibu ndani, jua kali. Pokeeni mzigo wa mgeni. Pita hapa, kaa kwenye kiti hiki, kile kina mguu mbovu. Safari ilikuwaje? Hukupata taabu? Huko utokako mvua zimenyesha? Watoto hawajambo?"

Akasimama. Yeye ambaye kusimama kwake kulihitaji mikono ya watu. Akachukua tangawizi, akaiponda kwa mchi mdogo, si sana isije ikawasha, si kidogo isije ikawa maji ya kunawa. Akatia hiliki mbili tatu zilizopasuliwa kwa jino. Akaifunika chai kwa kisahani mpaka ikatoa jasho. Akampa mgeni kikombe kile cha maua kilichokaa kabatini miaka nenda miaka rudi bila kuguswa. Bwana Renatusi, aliyesimama pembeni, alitikisa kichwa kwa furaha mpaka kipaza sauti kikalia.

Somoe alikunywa chai ile. Ilikuwa tamu. Alikuwa hajainywa chai ya mama yake tangu hajui lini, akainywa mpaka tangawizi ya chini. Alifurahi. Hilo tulieleze waziwazi: siku ya kwanza alifurahi.

Hofu iliingia baadaye, kama panya, kwa kuanzia ghalani.

Jioni alivua kofia na kadi akaingia kwa mlango wa uani kama siku zote. Bi Mosi akashtuka.

"Nani huyo anayepita uani bila hodi?"

"Ni mimi, mama. Somoe."

"Somoe wa nani?"

"Wa kwako."

Bi Mosi alimtazama. "Haya," alisema, lakini hakusema lete uji.

Mazoezi yakaendelea. Jua lilipofika utosini Somoe aligeuka mgeni, na likiteremka alirudi kuwa mtoto, ila kila siku kurudi kulikuwa kugumu zaidi, kama nguo ya mtu mnene inayopungua kila ikifuliwa. Chumvi ya chini ya chungu ilikuwa ni ukarimu. Bi Mosi alifundwa kukaribisha watu kabla hajafundwa kuzaa. Mgeni alikaa ndani ya kumbukumbu yake pale mahali pagumu pasipovukizwa. Mtoto alikaa juu, kwenye maji. Na kila siku mgeni alizidi kuzama na kutulia, na mtoto alizidi kupanda na mvuke.

Mwenyeji ni nani? Somoe alijiuliza hayo akiwa ameketi kwenye kiti kizuri cha nyumbani kwake, mikono mapajani. Je, ni yule anayejua bati gani linavuja? Mimi nalijua. Ni yule anayejua mlango unainuliwa kidogo kabla ya kusukumwa? Nauinua. Au mwenyeji ni yule tu anayesema karibu, na aliyeambiwa karibu, hata akiwa amezaliwa chini ya kitanda kile pale, ni mgeni? Basi aliyempa mtu neno la kusema ndiye mwenye nyumba zote. Renatusi ametuazima neno letu wenyewe. Amelitoa kinywani mwetu akaturudishia, na sasa tunalishika kama kikombe cha watu, tunaogopa lisituponyoke.

Aliitazama ile kadi shingoni. Mwanamke wa kwenye picha alionekana kuchoka. Chini ya macho yale ya maji ya mtungini palikuwa na mistari ambayo siku ya kwanza haikuwapo. Au ilikuwapo?

Mwishowe ikafika asubuhi ambayo Bi Mosi hakuuliza. Somoe aliweka bakuli la uji mbele yake, akakaa, akangoja swali. Halikuja.

"Mgeni," alisema Bi Mosi, kwa heshima kubwa, "mbona unaniaibisha? Mgeni haingii jikoni. Mgeni hamlishi mwenye nyumba. Weka hapo. Mwanangu yuko njiani, atakuja kunipikia."

"Mwanao nani, mama?"

"Somoe. Utamwona. Ana kovu kwenye kidole cha mguu."

Somoe alivua kandambili akanyoosha mguu. Bi Mosi akageuza uso, maana mtu mwenye adabu hakodolei mguu wa mgeni.

Siku ile Bi Mosi hakula. Wala iliyofuata. Uji wa mgeni hakuugusa, na wa Chausiku aliuonja kwa ncha ya ulimi, akasema anamsubiri mwanawe wale pamoja. Mashavu yakaingia ndani. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana chini ya khanga kama matendegu chini ya shuka.

Somoe alimwendea Bwana Renatusi. Alimkuta kwenye turubai, akiwapaka rangi upya meno ya watu waliochorwa.

"Baba, nivushe kamba. Niweke kwa wenyeji. Mama yangu hali chakula."

"Mama, nyumba yenu ni Nyumba ya Mfano. Wakubwa wamekuja wameiona. Nikibadilisha mgeni, zoezi linaanza upya, na wewe unaujua ubao ule."

"Na hao wageni wenyewe, wa kweli, watafika lini mtaani?"

Bwana Renatusi alichovya brashi. Alisema kwa sauti ndogo, bila kipaza sauti, kwamba wageni wa kweli watapita barabara ya lami kwenye magari yaliyofungwa vioo, kutoka kiwanja cha ndege mpaka Bakuli, na kutoka Bakuli mpaka kiwanjani. Mtaani hawatafika.

"Basi tunamkaribisha nani?"

"Sijui, mama. Mimi kwetu nilifundishwa kuwa mwenyeji, nikaletwa hapa. Nimesahau hata kwetu mlango unatazama wapi." Akajicheka, twiga naye akacheka, kisha akawa mkali. "Lakini kesho ni kesho. Ubao umefika mwisho. Wageni wote wa mazoezi watasindikizwa nje ya turubai, lango litafungwa, mpaka Michezo iishe."

"Itaisha lini?"

Wote wawili wakageuka kuutazama ubao. Ulikuwa umezimwa.

Jua la kesho yake lilifika utosini likagoma kushuka. Wengine walisema Kamati imelizuia hapo ili mapicha yatoke vizuri. Bakuli lilianza kunguruma. Si makelele ya watu unaoweza kusema huyu kafurahi, yule kaumia. Ni ngurumo moja nene kama ya chungu kikubwa kinachochemka na kifuniko kimewekewa jiwe. Vikombe vya maua vilitetemeka kabatini. Katika kila nyumba wageni wa mazoezi walikuwa wakisimama, wakishukuru, wakiaga.

Somoe alisimama katikati ya chumba chake na kofia ya watu kichwani. Kama angesema mimi Somoe, nyumba ingeshindwa, mama angehamishiwa Nyuma na njaa yake. Kama asingesema, angetolewa nje, na mama angebaki na nyumba nzuri, akimsubiri mwanawe mpaka afe akisubiri. Alitafuta mlango wa tatu katika nyumba yenye miwili.

"Bibi, naomba ruhusa," alisema. "Nakwenda."

"Mapema hivi? Haya, mgeni hazuiliwi. Lakini huendi mikono mitupu." Chausiku alikuwa amesimama dirishani na kipande cha mkate wa kumimina kwenye jani la mgomba, bado unatoa moshi. Bi Mosi akaupokea akamkabidhi mgeni. "Ni wa njiani. Na nitakusindikiza. Sijawahi kumwachia mgeni wangu aende kama kuku aliyefukuzwa."

Akachukua mkongojo. Wakatoka. Bwana Renatusi aliwasubiri kule langoni, mkono umeshika komeo, akatikisa kichwa kuwahimiza.

Walikwenda polepole, kwa mwendo wa mwenye njaa na mwendo wa asiyetaka kufika. Bi Mosi aliongea maneno yote ya kusindikiza: wasalimie huko, usitutupe, milima haikutani. Somoe alijibu yote kwa mpangilio wake, na kila jibu lilikuwa tofali linaloziba mlango. Waliposogelea lile jiwe lenye jino, Bi Mosi alinyamaza katikati ya neno. Mkono wake ukaruka wenyewe ukamshika Somoe kiwiko kwa nguvu.

"Inua mguu," alisema. "Inua mguu, Somoe. Kila siku nakwambia."

Somoe aliuinua mguu ukabaki hewani.

"Somoe wa nani?" aliuliza. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtoto.

"Wa kwangu, wa nani tena. Hebu tazama unakokanyaga, utang'oa ukucha mwingine."

Wakalivuka. Somoe akageuka kumkumbatia, lakini jiwe lilikuwa limeshabaki nyuma, na mkono ule ulikuwa umeshalegea, umerudi kwenye mkongojo.

"Ulisema unatoka nchi gani, mgeni?"

Ngurumo ya Bakuli ikapanda ikashuka. Lango lilikuwa mbele yao. Bwana Renatusi alifungua nafasi ya kupita mtu mmoja. Nje palikuwa na barabara nyeupe, na magari yenye vioo vyeusi yakipita bila kumwona yeyote.

"Nimefika, bibi," alisema Somoe. "Umenisindikiza vya kutosha." Kisha akakumbuka alivyolelewa, na kwamba katika mtaa ule hakuna mtu aliyewahi kusindikiza mara moja tu. Mwanamke na shoga yake walikuwa wakisindikizana kutoka mlango mpaka mlango, wewe nipeleke, nami nikurudishe, mpaka wali unaungua majumbani. "Lakini wewe ni mtu mzima, na jua hili. Siwezi kukuacha urudi peke yako. Nami nikurudishe kidogo."

Uso wa Bi Mosi ukanawiri. "Mgeni una adabu. Waliokulea walikulea."

"Hairuhusiwi," alisema Bwana Renatusi. "Mgeni akishasindikizwa..."

"Wee kijana," alisema Bi Mosi, akimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeingiza mkono kwenye sinia la wakubwa. "Kwenu hawasindikizani?"

Bwana Renatusi alitafuta jibu kwenye kanuni zote alizofundishwa, akakuta kila moja inasema mwenye nyumba asikatizwe katika ukarimu wake. Akatafuta na kwao. Mkono wake ukabaki kwenye komeo, haulisukumi wala haulivuti.

Wakageuka. Njiani Somoe akafungua jani la mgomba, akamega mkate.

"Chakula cha njia huliwa na walio njiani, bibi. Na sasa njiani ni sisi wote."

Bi Mosi aliufikiria mkate. Haukuwa uji wa mgeni jikoni, wala haukuwa mezani kwake. Hapakuwa na kanuni ya kuukataa. Akapokea kipande, akatafuna taratibu upande wa meno yaliyobaki, na koo lake likapanda likashuka, na Somoe akatazama koo lile kama wengine walivyokuwa wakitazama Michezo.

Walifika kwenye jiwe. "Inua mguu, Somoe." Walifika mlangoni.

"Sasa, mgeni wangu," alisema Bi Mosi, makombo kidevuni, "huwezi nawe kurudi peke yako. Watu watasemaje? Ngoja nikutoe."

Chausiku, mikono dirishani, aliwaona wakigeuka tena. Aliita: "Nyie, mtachimba mfereji hapo." Kisha akarudi jikoni kuchota unga wa mkate mwingine.

Walikwenda na kurudi. Jua halikushuka. Bakuli lilinguruma kwa mambo yaliyokuwa yakitokea ndani yake, mbali sana, pengine katika mwaka mwingine. Magoti ya Somoe yaliwaka moto, na alijua magoti ya mama yake ni ya zamani kuliko yake, na mkate utakwisha, na komeo liko mkononi mwa kijana ambaye wakati wowote anaweza kukumbuka kazi yake. Hayo yote aliyajua. Hakuyatazama. Penye lango akashika kiwiko cha mama yake.

"Bibi, nikurudishe kidogo."

Wakageuka, na kule mbele, katikati ya njia, jiwe likaonekana, jeupe.